Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: dada yangu anasubiri saini yako tu

Mheshimiwa, assalamu alaykum. Jina lako silitaji, mwenyewe unajijua, na sie watu wa Wete, huku Pemba, tunakujua.

Naandika huku kwa heshima zote maana kwa simu hupatikani. Jana dada yangu kainama anageuza karafuu jamvini, mara kaanguka puu, kuzinduka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Sasa hivi kalazwa. Na daktari alishatwambia! Kwenye picha ya moyo walimkuta na kinyama chumba cha juu kushoto, kinaitwa miksoma, si kansa, kimening'inia kwa kikonyo, akiinama au akilala vibaya kinashuka kinaziba vali damu haipiti, ndo maana kizunguzungu na pumzi kukata, sisi tukijua pumu na majirani wakijua shetani. Vipande vyake vikikatika vinakwenda na damu mpaka kwenye ubongo. Mie si daktari lakini ya jana sihitaji kutafsiriwa.

Dawa ya kukiyeyusha hakuna. Ni kupasuliwa, moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu badala yake, kinyama kinatolewa na pale kilipoota ili kisirudi, na wengi wanapona kabisa. Sweden walikitoa tangu 1954 Mheshimiwa, hujazaliwa labda. Wala hatukuombi India, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar hapo ng'ambo, wanapasua moyo siku zote.

Tunachotaka ni saini yako kwenye barua ya rufaa. Tukija tunaambiwa kamati haijakaa, tukirudi faili liko Unguja, nasikia eti posho za kikao hazijatoka, sijui, labda na wino umekwisha. Karafuu tulizochuma juzi zishakauka, faili lenu bado bichi.

Nakukumbusha tu, wakati wa kampeni ulisimama kiwanjani ukasema mgonjwa wa rufaa hatosubiri hata wiki, dada ndo alopiga kigelegele cha mwanzo, na pumzi yake hiyo hiyo ya kuazima.

Saini Mheshimiwa. Gari ya kutufikisha bandarini Mkoani ipo, nauli ya boti tushachanga, mjomba Dar anatungoja. Saini tu. Kama peni huna nakuletea kesho asubuhi mie mwenyewe, ila safari hii nikute upo ofisini.