Barua ya wazi kwa wapiga filimbi wa klasiki na wapiga piano wao

Wanangu wapiga filimbi, na ninyi wapiga piano mnaopanda nao jukwaani, salamu sana.

Nawaandikia barua moja kwa makusudi. Desturi yetu ni kumpa mpiga filimbi nasaha zake za pumzi na vidole, na mpiga piano zake za pedali, kila mtu chumbani kwake. Kisha wanakutana siku mbili kabla ya konsati na kila mmoja anamwona mwenzake kikwazo. Hata lile neno "msindikizaji" linatupotosha. Ukimsindikiza mgeni unamfikisha njiani, unaagana naye, unarudi kwako. Mpiga piano harudi popote, anafika na mwenzake mpaka nota ya mwisho. Mtunzi Francis Poulenc alipotoa sonata yake ya filimbi na piano mwaka 1957, alikaa kwenye piano mwenyewe, Jean-Pierre Rampal akiwa kwenye filimbi. Rampal huyo huyo alipiga na mpiga piano Robert Veyron-Lacroix kwa zaidi ya miaka 30.

Tuanze na hesabu ya viti, maana ndiyo inayowavunja wengi moyo. Okestra kubwa ya simfoni huwa na vayolini za kwanza 14 hadi 16. Wapiga filimbi ni 3 au 4, na mmoja wao kazi yake hasa ni pikolo, ile filimbi fupi ya sauti ya juu sana. Aliyekipata kiti hukikalia mpaka anastaafu. Anayesema "nitasubiri nafasi ya okestra" na kufunga milango mingine anajichimbia shimo. Shika pikolo mapema, dakika 20 kila siku, na kizibo cha sikio upande wa kulia, maana sikio hilo ndilo linalopigwa zaidi. Msiichukulie kama filimbi ndogo: tundu lake ni dogo, mdomo wake ni mwingine, na anayeikumbuka wiki ya konsati tu husikika. Ongezeni filimbi ya alto, kufundisha, na vikundi vidogo vya muziki. Mwenye vyanzo vinne vya kipato hupiga kwa utulivu hata kwenye usaili.

Wapiga piano, ninyi kazi mnazo nyingi kuliko mnavyodhani: vyuo vya muziki, mazoezi ya opera, madarasa ya baleti, mashindano. Anayepigiwa simu mara ya pili ni yule anayesoma nota ngeni bila kusimama. Kila siku chukua kurasa nne usizowahi kuziona, weka kasi ya chini, na usirudi nyuma hata ukikosa nusu ya nota. Linda besi na mapigo, mengine yatakuja. Ukipewa konsato, yaani kazi ya mpigaji mmoja na okestra, iliyobanwa toka okestra kuja piano, kumbuka kwamba aliyeibana alijaribu kuvipa vidole kumi kazi ya watu sitini. Oktava za mbio na mitetemo ya mkono wa kushoto punguza bila aibu. Kinachotakiwa ni besi, akodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), na ile sauti ambayo mpiga filimbi anaisikiliza ili aingie.

Sasa programu. Mzigo wa piano haulingani, na wapiga filimbi wengi hawaufungui hata ukurasa wa piano kabla ya kutangaza. Sonata ya César Franck ya 1886 iliandikwa kwa vayolini, sisi tumeiazima tu, na sehemu yake ya piano ni kama konsato nzima. Tofauti za Schubert za 1824, yaani wimbo mmoja uliogeuzwa kwa namna nyingi, na sonata ya Prokofiev ya 1943 nazo si mchezo. Kumletea mtu Franck wiki moja kabla ni kumtwisha gunia bila kumuuliza kama mgongo unauma. Mpe wiki sita, na nakala yake mwenyewe. Ukiwa na wiki mbili tu, chagua Concertino ya Chaminade, inapigika. Na sonata ya Bach inayokaa kwenye nota si (si minor), BWV 1030 kwenye orodha ya kazi zake, msiifanyie mazoezi kwa fikra za usindikizaji hata kidogo: mkono wa kulia wa piano ni sauti kamili inayojibizana na filimbi, na ukiufifisha umefuta nusu ya mazungumzo.

Nikae kidogo kwenye sauti kupanda na kushuka, kwa sababu hapa ndipo urafiki wa wengi unapochakaa. Piano haisogei. Kabla ya kukubali ukumbi, ulizeni nota yake ya la, ile ya kulinganishia vyombo, imewekwa hezi ngapi (mitetemo kwa sekunde), 440 au 442. Filimbi nyingi za leo zimejengwa kwa 442, na kichwa chake, kipande chenye tundu la mdomo, huvutwa nje milimita chache tu. Ukikutana na piano ya 440 utavuta zaidi, lakini kuna kikomo. Ile milimita unayoongeza ni sehemu kubwa ya bomba pale bomba linapokuwa fupi, yaani kwenye nota za mkono wa kushoto kama zile ziitwazo si na do, na ni sehemu ndogo kwenye nota re ya chini. Ukivuta kupita kiasi, nota za bomba fupi zinashuka sana, zile za chini zinabaki juu, na ngazi nzima inapinda. Inayobaki ni kazi ya midomo.

Kizibo kilichomo ndani ya kichwa msikiguse kama ufunguo wa gitaa. Kibati chake kinatakiwa kiwe milimita 17 toka katikati ya tundu la mdomo. Kijiti cha kusafishia kina alama hiyo: ingiza, tazama tunduni, alama ikae katikati. Kikisogea, oktava zinaacha kulingana na utalaumu vidole vyako mwezi mzima.

Filimbi baridi hushuka, kwa kuwa sauti husafiri polepole kwenye hewa baridi, na ikipata joto hupanda. Kwa hiyo asiyepasha filimbi hulinganisha mara ya kwanza, anaridhika, na ukurasa wa tatu yuko juu ya piano. Funga vitufe vyote, ziba tundu kwa midomo, puliza pumzi ya moto kimyakimya kwa dakika nzima, ndipo uombe nota la. Mpiga piano asikupe nota moja tupu, akupe nota la ikiwa ndani ya akodi ya re minor, utaisikia mahali pake. Kisha jaribu nota la ya oktava ya juu na nota re ya katikati, kwa nguvu na kwa upole.

Kwa upole ndiko kwenye mtego. Filimbi ikipigwa kwa nguvu hupanda, ikipigwa taratibu hushuka, kwa sababu kasi ya pumzi imepungua. Chukua mwisho wowote wa polepole: piano imepiga akodi na kuiacha, filimbi imeshika nota moja ndefu inayofifia. Mpiga filimbi anapunguza pumzi, sauti inazama, na ukumbi mzima unasikia kwa kuwa hakuna kingine cha kusikiliza. Dawa ni kuibana njia ya pumzi, si kuilegeza: midomo isogee mbele, tundu la midomo liwe dogo, kasi ibaki ile ile, taya lipande kidogo. Usizungushe filimbi kwa ndani, hiyo inashusha zaidi. Na mpiga piano asiinue pedali kabla ya mwenzake kumaliza. Akodi ya piano hufa yenyewe tangu inapopigwa, kwa hiyo mpiga filimbi ndiye anayefuata kufa kwake. Jaribuni mahali hapo mara tano mfululizo kabla ya kugusa kurasa za mbio.

Kuhusu piano kufunika filimbi, watu hukimbilia kifuniko cha piano. Kukifunga kabisa kunafanya sauti iwe ya chumbani mwa jirani. Anzeni na kijiti kifupi cha kukiegemeza kifuniko, kisha mshughulikie ugonjwa wenyewe: mkono wa kushoto na pedali. Oktava ya chini ya filimbi ni dhaifu kwa maumbile. Hapo mpiga piano apunguze besi na akanyage pedali fupi fupi. Filimbi ikipanda oktava ya tatu anaweza kupumua na kuachia. Mtafuteni mtu wa tatu akae safu ya nyuma dakika kumi na kuwaambia anachosikia, kwa kuwa ninyi wawili hamwezi kukijua mkiwa jukwaani.

Pumzi. Mpiga filimbi husimama kwenye mkunjo wa piano, na mguu wa filimbi, yaani ncha yake ya mwisho, unaelekea kulia kwake, yaani upande wa mpiga piano. Ile ncha ndiyo kijiti cha kondakta. Ikiinuka na pumzi ikaingia kwa muda wa pigo moja kamili, kasi imeshatangazwa bila neno. Ukivuta pumzi ya haraka kisha ukapiga polepole, umedanganya. Alama za pumzi ziandikwe kwenye nakala ya piano pia, kwa penseli: mkato kwa pumzi ya uhakika, mkato ndani ya mabano kwa ile ya dharura. Usiku wa konsati mdomo hukauka na pumzi iliyotosha mazoezini haitoshi. Bila yale mabano, mpiga piano anafika nusu pigo mbele.

Usaili ni jambo jingine. Mara nyingi raundi ya kwanza hupigwa nyuma ya pazia, na konsato ya Mozart ya sol major, K. 313, karibu haikosekani. Ukiwa na mpiga piano wa nyumbani kwa okestra, mnaweza kupewa dakika tano, au msipewe kabisa. Mpe nakala iliyoshonwa, si karatasi zinazopeperuka. Utangulizi mrefu wa okestra ukate, uweke alama wazi aanzie vipimo vinne (vile visehemu vya nota kati ya mistari ya wima) kabla yako. Kasi usiiseme kwa maneno, imwimbie vipimo viwili kwa sauti ndogo, tena vya mahali pagumu, si vya mwanzo. Usimpigie vidole. Na likitokea kosa, usigeuke kumtazama: pazia likiwa limeondolewa, kamati inasoma jicho lile kama lawama.

Vipande vya okestra kwenye usaili hupigwa bila piano, lakini mazoezini mwombe mwenzako akupigie akodi za chini. Ufunguzi wa Debussy wa 1894, ule wa alasiri ya fauni (kiumbe wa hadithi, nusu mtu nusu mbuzi), unaanzia do diesis, yaani do iliyopandishwa nusu hatua, ambayo karibu vidole vyote viko hewani. Ni nota nyembamba inayopenda kupanda. Ukishaisikia juu ya akodi zake utajua iende wapi hata ukiwa peke yako.

Malipo yaandikwe kabla ya zoezi la kwanza. Saa za mazoezi zina bei yake, siku ya konsati ina bei yake. Andikeni idadi ya mazoezi, nani analipa nauli, nini kinalipwa konsati ikifutwa wiki moja kabla, na nani anamiliki rekodi. Majina mawili kwenye bango, herufi za ukubwa mmoja. Na wewe mpiga piano, usipokee wanafunzi 20 wa msimu mmoja wa mitihani kwa sababu kila mmoja peke yake ni mwepesi. Wote watataka Jumanne ile ile, na mikono ndiyo itakayolipa. Dakika 50 za kazi, 10 za kupumzika. Mpiga filimbi naye aangalie shina la kidole cha shahada cha kushoto, linalobeba chombo, na shingo. Ganzi isiyoisha baada ya siku mbili ni ya daktari.

Mkimaliza konsati, kabla ya kufunga mfuko, mpiga piano afungue ukurasa wa mwisho wa nakala yake na kuandika kwa penseli: tarehe, hezi za piano ile, kifuniko kilikaa kijiti gani, kasi ya kila sehemu kwa metronomu, na pumzi zipi za mabano zilitumika kweli. Mkiitwa tena na sonata hiyo baada ya miaka miwili, zoezi la kwanza litaanzia hapo.

Ni mimi, mzee wenu.