Paneli za kuakisi mawimbi ziwe za pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie paneli za kuakisi mawimbi ya redio, ambazo katika mjadala wa mtandao wa simu wa kizazi cha sita (6G) hutajwa kana kwamba zitatuondolea haja ya kujenga minara. Hilo haliwezekani. Hata hivyo manufaa yake ni makubwa, na kwa sababu hiyo naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iziwekee kanuni mapema, kabla kampuni za simu hazijaanza kuzifunga kwenye kuta za majengo.

Paneli hii ni bapa lililojaa vipande vidogo vya shaba, na kila kipande kina diodi, yaani kifaa kidogo cha kielektroniki, inayobadilisha namna wimbi linavyorudi, ili mawimbi yote yaungane nguvu upande uliochaguliwa. Katika masafa ya gigahezi 28, kipande kimoja huwa na upana wa milimita tano hivi, hivyo mita moja ya mraba huweza kubeba vipande zaidi ya 30,000. Mwaka 2018 jijini Tokyo, kampuni ya NTT Docomo ilijaribu paneli ya kuakisi katika masafa hayo, na kasi ikapanda kutoka megabiti 60 hadi 560 kwa sekunde.

Mtihani uko katika mahali pa kuifunga. Mawimbi hupungua nguvu yakienda kwenye paneli, yakapungua tena yakitoka kumfuata mtumiaji, na hasara hizo mbili huzidishana. Paneli iliyo mbali na mnara na mbali na watu haisaidii sana. Lazima iwe karibu na upande mmojawapo. Kwa Kariakoo, ambako maghorofa yamebanana na maduka ya ndani hayauoni mnara, mahali panapofaa ni jengo la kona linaloutazama mnara na uchochoro kwa pamoja, na kona za namna hiyo ni chache.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa. Paneli haina uwezo wa kutambua mawimbi ni ya kampuni gani. Ikigeuzwa kuwahudumia wateja wa kampuni iliyoifunga, hugeuza pia mawimbi ya kampuni nyingine yenye masafa jirani, na mteja wa kampuni hiyo, akiwa katikati ya kutuma fedha kwa simu, anaweza kuona mtandao umeyumba bila yeye wala kampuni yake kujua sababu. Kila kampuni ikifunga ya kwake katika mtaa mmoja, zitaharibiana kazi.

Taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, iliunda kundi la kushughulikia paneli hizi tangu mwaka 2021. Sisi nasi tunao uzoefu wa kampuni kadhaa kukodi nafasi kwenye mnara mmoja. Napendekeza kila paneli isajiliwe pamoja na mahali ilipo na masafa inayoyagusa, itumiwe na kampuni zote zinazohudumia mtaa huo, na isiwashwe mpaka vipimo vichukuliwe mbele ya wataalamu wa kampuni hizo zote.

Mhandisi wa mawasiliano,
Dar es Salaam