Testa imewaka, friji haiwaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo na wenye nyumba wenzangu, na hasa na viongozi wa serikali za mitaa.

Mwezi uliopita soketi za jikoni na za chumba cha watoto zilikata ghafla jioni. Taa zinawaka, feni ya sebuleni inazunguka, friji kimya. Luku ina uniti, kwa jirani umeme upo, sakiti breka zote ziko juu. Nikampigia fundi mwenye namba iliyochorwa kwa rangi ukutani, karibu na stendi ya bodaboda.

Alikuja na bisibisi na testa, ile yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, basi. Akaichomeka testa tundu la kulia, ikawaka. La kushoto, nalo likawaka. "Mama, hapa moto umevuja, nyaya zimeoza ukutani." Akataka 180,000 avute upya, nikampa 60,000 za kuanzia. Mpaka leo simu yake haipatikani.

Fundi wa pili alianza kwa kuuliza kama friji bado imechomekwa. Ilikuwa imechomekwa. Akapima kwa mita: moto (waya unaoleta umeme) kwa nyutro (waya unaourudisha), hamna kitu; moto kwa ethi (waya wa ardhini), volti 230. Akazima meinswichi, akafungua boksi, akaniita nione. Skrubu ya nyutro imelegea, waya umekuwa wa kahawia, plastiki yake imeyeyuka na inanuka. Moto ulikuwa unapita ndani ya friji na kurudi kwenye tundu la pili, ndiyo maana testa iliwaka kote. Akakata palipoungua, akachuna waya upya, akakaza. Haikufika nusu saa, akachukua 15,000. Nikawaza zile nyaya zilizotaka kung'olewa ukutani, na kile kiwaya kilichokuwa kikiungua taratibu huku tumelala.

Kosa langu ni kwamba yule wa kwanza sikumuuliza leseni. Leseni za kufunga umeme majumbani hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na huyu wa pili aliitoa mfukoni kabla sijaiomba. Lakini mtu aliyekaa gizani saa mbili usiku atampata wapi wa namna hiyo?

Ofisi za serikali za mitaa zibandike majina na namba za mafundi wenye leseni waliopo kwenye mtaa. Ubao wa matangazo wa kwetu bado una tangazo la mkutano wa mwaka jana, kwa hiyo nafasi ipo.

Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam