Kabla hujalipia chumba cha bichi, uliza mwezi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya fukwe nzuri za kwenda likizo na kusema kweli picha zimenipendeza, mke wangu ameikata hiyo kurasa akaibandika jikoni juu ya sufuria. Ila kuna kitu hamjakiandika na kitu hicho ndo kilituharibia siku tatu na pesa za watu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo nikiseme, manake najua wengi hapa Uganda wataenda na hiyo orodha yenu mkononi kama sisi tulivyoenda na ya mtu mwingine.

Mimi nimeendesha trela Mombasa mpaka Kampala miaka kumi na tisa. Zaidi ya kilomita 1,100 kwenda, na kurudi hivo hivo. Ukiniuliza mizani ya Mariakani au foleni ya Malaba ntakwambia mpaka jina la mama anayeuza chai, lakini bahari yenyewe nilikuwa naionea Changamwe kwa mbali nikingoja kontena, sijawahi kuingiza hata kidole. Dereva hana muda wa bichi. Sa nimestaafu niko nyumbani Bombo, na mwaka juzi shemeji yangu, dada yake mke wangu, akarudi kutoka kyeyo, yani vibarua vya ughaibuni, huko Uingereza mwezi wa saba, akasema huko kwao sa hizi ni samma, yani kiangazi, watu wote wanakimbilia bahari na yeye hawezi kumaliza likizo anaangalia mihogo ya Bombo. Twende Zanzibar wote, analipa yeye. Nani atakataa?

Akamtafuta ajenti mmoja hapo Kampala, jina naliacha. Yule kijana akamtumia picha kwenye simu, maji ya bluu yamefika mpaka kwenye ngazi za hoteli, mnazi umeinama, unaweza kukaa kitandani ukatupa ndoana. Jambiani, pwani ya mashariki. Akalipa siku tatu, chumba kinachotazama bahari, na kinachotazama bahari kina bei yake.

Tulifika usiku sana, karibu na alfajiri. Mwezi ulikuwa mpevu, unang'aa kweli, maji tukayasikia karibu kabisa yanapiga ukuta, shemeji akalala amefurahi. Asubuhi tukanywa chai taratibu kama watu wa likizo, mpaka kwenye saa nne hivi ndo akavaa nguo zake za kuogelea na kanga juu akatoka. Nikasikia tu, "Banange! Maji yamekwenda wapi?"

Mhariri, hakukuwa na bahari. Mchanga mtupu na vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe wagonjwa, na mbali huko, karibu kilomita nzima, ndo unaona mstari mweupe wa mawimbi yanavunjika kwenye mwamba. Shemeji akampigia yule ajenti hapo hapo, akimwambia amemuuzia jangwa, na kijana naye anajibu madam bahari ipo mimi nimekutumia picha. Kweli picha ilikuwa ya kweli, ila ilipigwa maji yamejaa.

Sasa huko kwenye mchanga kulikuwa na akina mama wameinama. Tukatembea mpaka kwao. Wanalima mwani, wana vijiti wamevichomeka kwa safu na kamba zimevutwa katikati, mama mmoja alikuwa anachukua kishada kidogo cha mwani, anakifunga kwenye kamba kwa kikamba chembamba, anakaza kwa meno, anasogea kishada kingine, haangalii hata mikono yake. Kazi hiyo ilianza huko kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wanaoifanya ni wanawake, mwani unakaushwa unauzwa nje na ukisikia dawa ya meno ni laini au aiskrimu haimwagiki haraka, mara nyingi mwani una mkono wake hapo. Shemeji akamuuliza lile swali lake la maji. Yule mama akacheka akasema, "Yamekwenda, dada. Yatarudi alasiri. Nyie mmekuja na bamvua."

Bamvua. Neno hilo sikulijua na nimezaliwa na Kiswahili, babu yangu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na nyumbani kwetu wanubi wa Bombo Kiswahili si cha kujifunza shule. Lakini Kiswahili chetu ni cha kambi na barabara, cha maji hatuna.

Jioni maji yakarudi kweli, saa kumi yalikuwa yamejaa mpaka ukutani, kama kwenye picha. Mzee mmoja wa ngalawa akatukalisha akatufundisha, na hii ndo sehemu ningeomba mhariri uichape hata kama utakata barua yangu yote. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hizo siku tatu nne za hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa pwani yetu hii ya Mombasa na Zanzibar siku za bamvua kwenye saa nne asubuhi yanakuwa yamekimbia na kwenye saa kumi jioni yamejaa. Wiki inayofuata, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayaondoki mbali, na saa za kujaa nazo zimehama, asubuhi ile ile saa nne unakuta bahari ipo inakungoja. Kwa hiyo mtu wa kuogelea aende mwezi ukiwa nusu, na mtu wa kutembea mpaka mwambani kuangalia nyota za bahari na samaki wa kwenye vidimbwi aende na bamvua. Sisi tulikuwa watu wa kuogelea tulioenda na bamvua na hakuna aliyetuuliza.

Na kinachoniuma ni kwamba tarehe za mwezi tunazo. Kalenda ya msikiti imening'inia sebuleni kwangu mwaka mzima, tarehe ya Kiislamu iko chini ya ya Kizungu kwa maandishi madogo, naitumia Ramadhani tu basi.

Lakini nadhani kosa letu linatoka kwenye ziwa. Sisi ni watu wa maji yanayokaa mahali pake. Ukienda Entebbe leo bichi iko pale, ukirudi saa kumi iko pale pale, ukienda Kalangala, visiwani Ssese, ukashuka kwenye meli mchanga uliouacha Pasaka unaukuta Krismasi. Mpaka mwaka 2020 mvua zilivyozidi na Nalubaale, yani Ziwa Victoria, ikapanda ikameza bichi nyingi pale Entebbe, watu wakakaa chini ya miti iliyo ndani ya maji wakipiga picha, tukaona ajabu ya dunia. Bahari inafanya hivo mara mbili kwa siku na hakuna anayepiga picha. Mmeweka visiwa vya Ssese kwenye orodha moja na Diani ya Kenya na sikatai, Ssese ni pazuri na ni nafuu na huhitaji kuvuka mpaka, ila semeni pia kwamba ziwa lina kichocho, konokono wake wako pale kwenye majani pembeni ambapo watoto ndo wanapenda kucheza. Maji ya baharini hayana hiyo. Yana wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, shemeji alimkanyaga mmoja siku ya pili akatolewa miiba na maziwa ya papai, nendeni na sandali za plastiki.

Sasa nimekuwa mtu wa kuuliza uliza, na kwa kuwa madereva wenzangu bado wako barabarani nimekusanya haya. Huko huko Zanzibar ukitaka kuogelea saa yoyote nenda kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaondoki mbali kama mashariki, ila papasi, wale vijana wanaowinda wageni, watakuandama kukuuzia safari mpaka uchoke. Paje, jirani na Jambiani, mwezi wa saba mpaka wa nane upepo wa kusi unapiga na ni raha kwa wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, kwa bibi yako aliyeenda kupunga hewa si raha, mchanga unaingia mpaka kwenye wali. Hiyo likizo ya samma ya kina shemeji inaangukia kwenye kusi, mjue hilo, bahari tulivu na safi ni ya upepo wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili huko mwanzo mwa wa tatu, na bahati nzuri ndo likizo kubwa ya watoto wetu.

Pangani, Tanzania bara, wachache kutoka huku wanaijua. Kuna Ushongo, kimya kabisa, na mbele yake baharini kuna kisiwa cha Maziwe ambacho zamani kilikuwa na miti na sa hivi ni mchanga tu, maji yakijaa kinazama chote, yakipwa kinatoka. Huko usipojua saa za maji hufiki kabisa, au unafika unabaki na miguu ndani ya bahari.

Kwa wenye mfuko kama wangu Kenya ndo rahisi. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka toka mwaka 2014, basi la usiku mpaka Nairobi, halafu treni ya SGR inakushusha Miritini, Mombasa, kwa masaa kama matano au sita. Diani unavuka na feri ya Likoni, mtembea kwa miguu halipi, au gari inapita barabara mpya ya Dongo Kundu. Mchanga wa Diani ni mweupe na laini kama unga wa ngano na mbega wanatembea juu ya miti, funga madirisha kwa sababu ya nyani na kima. Watamu ni ya kwangu mimi moyoni, hifadhi ya baharini toka 1968, vile visiwa vidogo vya mawe vimesimama ndani ya ghuba, maji yakipwa unavitembelea kwa miguu. Malindi hapo jirani mvua zikinyesha bara mto Sabaki unashusha udongo na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, usimlaumu mtu. Shela ya Lamu sijafika, naambiwa mchanga unaenda kilomita kumi na mbili.

Zanzibar na Tanzania kwa ujumla beba pasi na kadi ya manjano ya chanjo, watakuuliza. Na kaveera, yani mifuko ya plastiki! Kenya waliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019, sisi hapa kaveera bado ni mfalme, mke wangu alikuwa amefunga chapati, nguo chafu na viatu kila kimoja kwenye kaveera yake na wakati wa ukaguzi tulizimwaga zote mezani mbele za watu kama wauza mtumba wa soko la Owino.

Ombi langu ni moja. Mkichapa tena orodha ya fukwe, pembeni ya bei ya chumba wekeni tarehe za mwezi mpevu na mwezi mwandamo za miezi ya likizo, ni mstari mmoja tu haumalizi karatasi. Na ajenti akikutumia picha ya bahari mwulize ilipigwa saa ngapi. Shemeji sa hivi ndo anavyofanya, amekwisha kukata tiketi ya mwezi wa kumi na mbili, tunaenda Watamu, na juzi alinipigia simu usiku wa manane wa kwetu akitaka nitoke nje nimwambie mwezi umefika wapi. Nikamwambia huko Uingereza hauuoni? Akasema mawingu.

Dereva mstaafu,
Bombo