Mafunzo ya bodaboda yajumuishe utunzaji wa pikipiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wanaoendesha mafunzo ya udereva wa bodaboda wasiishie kwenye alama za barabarani, bali wamfundishe kila dereva kukagua pikipiki yake nyumbani kabla hajaitoa asubuhi.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni oili. Katika pikipiki nyingi tunazotumia, oili inayolainisha injini ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye klachi na giaboksi. Kwa hiyo dereva anayejaza oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano anaweza kukuta klachi inateleza, injini inanguruma mlimani na pikipiki haisogei, kisha akauziwa sahani mpya za klachi bila sababu. Atafute chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki inayofaa klachi ya aina hiyo, na kiwango cha oili akipime pikipiki ikiwa imesimama wima, si ikiwa imeegemea stendi ya pembeni.

Mnyororo nao hauhitaji fundi. Ukiusukuma juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini, ucheze milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi za CC 125 na 150. Ukikazwa mno hula sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, na beringi. Ukilegea huweza kuchomoka na kufunga gurudumu la nyuma, abiria akiwa juu.

Inaniuma kuona kijana mwenye mkopo wa pikipiki akiacha gereji mapato ya siku nzima kwa kazi ambayo angeimaliza uani kwake kwa spana mbili tatu.

Msomaji wako,
Morogoro