Tunawafundisha kupika majibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nikiri kosa langu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia chuoni, huu mwaka wa 19. Naandaa kemikali kabla darasa halijaingia, na vyombo naviosha likishatoka.

Muhula uliopita nilikosea kuzimua asidi ya hidrokloriki, yaani kuipunguza nguvu kwa maji. Lebo ilisema nguvu yake ni moli 0.1 kwa lita. Ndani ya chupa ilikuwa 0.08. Nimekuja kugundua jioni. Kutitreti ni kudondoshea asidi kwenye alkali mpaka rangi itoweke, ukisoma kiasi kilichotumika kwenye bureti, mrija wenye vipimo. Kwa asidi ile, aliyetitreti sentimita za ujazo 25 za alkali ya nguvu ya 0.1 alipaswa kusoma 31 na kitu; lebo ingekuwa kweli, angesoma 25. Nikafuata ripoti nikijua nitakuta malalamiko. Karibu darasa zima limeandika 24.9, 25.0, 25.1! Watatu tu ndio walioandika 31, nao wamekatwa maksi.

Hao wengine siwaiti waongo. Jibu walilijua kabla ya kushika pipeti, maana zoezi ni lile lile la mwaka juzi, na mwongozo unawatajia mpaka rangi itakayotoweka. Ukiandika ulichokiona unaanguka, ukiandika kinachotakiwa unapita. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwaka 1875 mkemia Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua metali ya galiamu, akapima densiti yake (gramu kwa kila sentimita ya ujazo), akapata 4.7. Mendeleev, mkemia Mrusi wa jedwali la elementi, ambaye metali yenyewe alikuwa hajaitia machoni, alikuwa ametabiri 5.9 hivi, akashauri isafishwe zaidi ipimwe upya. Ikapimwa, ikatoka 5.9. Hoja yangu si kwamba mkubwa alipatia. Mwenzake hakufuta namba yake akanakili ya mkubwa. Alirudi kwenye mizani.

Wahadhiri wangu, niruhusuni nizimue chupa ya kila kikundi kwa nguvu yake. Juu niandike namba ya chupa tu, jibu libaki kwenye daftari langu. Mwanafunzi apewe maksi kwa alivyolikaribia jibu, na zaidi kwa alivyoeleza kwa nini vipimo vyake vimepishana. Nimeshajibiwa kwamba madarasa ni makubwa na kusahihisha kutachelewa. Ni kweli kutachelewa. Ila chupa 40 kwangu ni kazi ya asubuhi moja.

Wale watatu nilikwenda kuwaombea kwa mhadhiri, maksi zao zikarudishwa. Waliosalia hakuna aliyewauliza ile 25 waliiona wapi.

Fundi sanifu wa maabara
(Jina langu unalo)