Heri ya Krismasi wapanda mlima wote, na mvua ya vuli iwafikie

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Nimeanza na zote mbili makusudi maana nawajua, nikiweka moja tu kuna upande utanuna mpaka mwaka mpya. Heri ya Krismasi ndugu zangu, wa Moro na wa Dar, na nyie mliokwishafika makwenu Moshi, Iringa, Songea na mmekaa uani kwa bibi mnasubiri mbuzi, na nyie mlioko kazini leo hii, manesi, madereva, walinzi, Mungu awaone. Wasabato wangu najua Krismasi kwenu ina mjadala, basi pokeeni kama salamu za mwisho wa mwaka, upendo ni uleule. Nimeambiwa niandike salamu fupi. Fupi haitakuwa jamani, someni kidogo kidogo katikati ya pilau na soda.

Kwa walioingia mwaka huu naeleza haraka tu. Sisi sio kanisa, hatuna mchungaji wala katiba, ni watu tunaopanda milima ya Uluguru hapa Morogoro pamoja na kusali huko juu, basi. Kuna Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, walokole, Wasabato, na kuna kaka mmoja anasema yeye bado anatafakari, na ndo anabebaga maji mengi kuliko wote. Shida ya kwanza ilikuwa siku. Jumapili kila mtu ana kanisa lake, Jumamosi Wasabato wana ibada yao, tukabakiwa na sikukuu za serikali. Kwa hiyo mwaka wetu wa ibada unaanza Mapinduzi, unakuja Jumatatu ya Pasaka na Muungano, Sabasaba, Nanenane, siku ya Nyerere, unaishia Uhuru. Mtu akitusikia tunasimulia "ile ibada ya Nanenane" anafikiri tulienda kuangalia ng'ombe kwenye maonyesho. Ila ndo uzuri wake, kwamba hizo tarehe zimejigawa kwenye majira yote, ukizifuata hakuna hali ya ule mlima ambayo hutaikuta.

Mapinduzi inakuta jua kali, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri na tochi maana ikifika saa nne mtu wa Dar ameshaanza kutafuta kivuli na kuuliza kama tumefika. Sabasaba na Nanenane ni kipupwe, baridi ya huko juu haina utani, watu wanaokuja na fulana moja wanaishia kujifunika mashuka ya kukalia, lakini anga iko safi na hapo ndo tunakwenda Lupanga kileleni, mita 2,138, mwinuko mtupu mpaka magoti yanaongea. Kule ni msitu wa hifadhi, uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na ukifika juu usitegemee uwanja wa kupigia picha, ni miti na ukungu na mwanya mmoja mmoja wa kuchungulia mji. Tukifika huko spika tunazima, tunaimba mapambio kwa midomo yetu tu na kwa sauti ya kawaida. Wengine hawapendi, wanasema sifa lazima zisikike. Mimi naona zinasikika. Msitu ule una ndege ambaye duniani kote anaishi Uluguru peke yake, sasa wewe unataka umfukuze aende wapi na spika yako?

Pasaka ni masika. Hapo Lupanga hatugusi, njia ni utelezi mtupu, udongo mwekundu unashika raba kama chapati mbichi, tunaishia Morningside kwenye ile nyumba ya enzi ya Wajerumani na mara nyingi hatuoni hata mita ishirini mbele kwa mawingu. Na ndo ibada ninayoipenda kuliko zote. Tunasoma habari ya wale wawili waliokuwa wanatembea kwenda Emau, ila hatusomi yote kwa mpigo, tunaisoma vipande njiani, kila kituo aya chache halafu tunaendelea kupanda, watu wanaongea wawili wawili, maji yanasikika kila upande ila huyaoni. Ukifika juu unakuta yule uliyekuwa unaongea naye humjui hata jina, na ameshakueleza mambo ya nyumba yake yote. Kanisani tunakaa kwa kutazama migongo ya wenzetu, huku hakuna namna, lazima mtu akushike mkono kwenye utelezi. Mzee wa kanisa fulani kashikwa mkono na binti wa mwaka wa kwanza SUA, chuo kikuu cha Sokoine, wote wanacheka.

Kuna utaratibu wetu mmoja nauweka hapa kwa ajili ya wageni. Kila safari tunamteua mtu wa nyuma. Huyo kazi yake kutembea na aliye wa mwisho, hata kama wa mwisho amekaa kwenye jiwe anakula karanga. Na ibada haianzi mpaka mtu wa nyuma afike. Vijana wa mbele wameshafika zamani, jasho limekauka, wameanza kutetemeka, gitaa limeshawekwa sawa, lakini hakuna kuanza. Mwanzoni kulikuwa na manung'uniko, kwamba tuanze mapambio wengine watatukuta, na hoja yenyewe sio mbaya, ila waliowahi kufika wa mwisho ndo walioikataa. Walisema ukiwa huku chini umechoka afu unasikia wenzio wameshaanza kuimba bila wewe, unatamani ugeuze. Ikaisha hapo.

Sasa nije kwenye Krismasi.

Safari ya siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, huwa ni ya ukame. Vumbi, miti imechoka, usiku mkiwa mjini mnaona mistari ya moto mlimani, watu wanachoma mashamba kusafisha kabla ya mvua na saa ingine moto unawashinda unaingia msituni. Vijito vimekonda. Wale wa 2022 mnakumbuka, vuli ilichelewa, mto Ruvu ukashuka, na mwishoni mwa Oktoba Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, foleni za ndoo kila mtaa. Ruvu unaanzia huku Uluguru. Yani bomba la Ubungo na Kimara na Mbezi asili yake ni msitu huu tunaoukanyaga na hizi raba zetu, na kuna watu wa Dar kwenye kundi letu hawakuwahi kuliwaza hilo mpaka mwaka ule. Tangu hapo tukiwa juu tunaombea mvua tukiwa pale pale maji yanapoanzia, na hayo maombi yana uzito mwingine, maana anayeomba ana ndoo tupu nyumbani.

Halafu inakuja Uhuru, tarehe 9 Desemba, katikati ya Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi. Hapo mvua imeshaanza au inasumbua, na njia nzima kuanzia mjini mpaka msitu unapoanzia unakuta watu shambani. Kina mama, watoto wameshafunga shule, vibibi vilivyopinda mgongo, wote wana majembe, wanapanda mahindi na maharage kwenye miteremko ambayo mimi kuisimamia tu ni kazi. Safari moja tulisimama pembeni ya shamba la bibi mmoja tukaanza kuimba wimbo wa Majilio, tukajiona tunampa faraja. Akainua kichwa akasema imbeni tu wajukuu zangu, ila msinikanyagie matuta. Akaendelea kufukia mbegu. Hakuacha hata dakika, akawa anaitikia kiitikio huku anafukia, na sauti yake ilikuwa nzuri kutushinda.

Mimi yule bibi amenikaa. Kadi za Krismasi tulizokua nazo zina theluji, na nyimbo nyingi tulizopokea ni za watu waliokaa ndani usiku mrefu wa baridi, shamba limelala, wanangoja. Kwao ni kweli, sina neno. Ila huku kwetu Majilio yanaingia na jembe. Anayengoja mvua hakai, ameshalima, ameshanunua mbegu kwa hela aliyokopa, na akichelewa wiki mbili mwaka umeharibika. Halafu akishapanda hana la kufanya kuhusu mvua yenyewe, hiyo haiko mikononi mwake. Vyote viwili viko kwa mtu mmoja, kuchoka kwa kazi na kutokuwa na uwezo. Mimi nilikuwa naimba "njoo Bwana njoo" tangu Sunday School, na sijui kama niliwahi kuiimba namna yule bibi alivyoitikia.

Hata wale wachungaji wa Luka, Biblia inasema walikuwa makondeni wanalinda kundi kwa zamu usiku. Kwa zamu! Yani walikuwa shifti. Huku Uluguru mahindi yakikaribia kukomaa watu wanalala kwenye vibanda shambani kufukuza nguruwe pori, mmoja analala mwingine anapiga debe. Kwa hiyo habari njema ya kwanza ilipelekwa kwa watu wa aina hiyo, wenye usingizi machoni na fimbo mkononi, na ndo maana nimeanza kwa kuwasalimia walioko kazini leo.

Na kwenye kuupenda mlima tusije tukajidanganya pia. Mlima sio mapambo. Waluguru wanajua, ardhi ile ikiachwa vibaya inashuka. Mwaka 1955 waligoma mpaka ikawa vurugu kwa sababu serikali ya mkoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwa amri, kazi ya bure na mavuno hawayaoni, na ukipita leo ukaona mtu anapanga matuta yake mwenyewe kwa hiari unaelewa kwamba tatizo lilikuwa amri ile, udongo walikuwa wanaujua kuliko bwana shamba. Na wote tunakumbuka Hanang, kule Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, watu wanajiandaa kwenda kuwasha mshumaa wa kwanza, matope na mawe yakashuka kutoka mlimani yakafunika nyumba za watu Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya themanini. Sisi siku chache baadaye tulikuwa na safari yetu ya Uhuru, na mvua ya mwaka ule haikuwa ya kuchezea, tukaamua tusipande. Tulikutana mjini uwanjani kwa mwenzetu mmoja tukasoma Zaburi ya 121.

Ile zaburi mnaijua, Biblia yetu imeandika juu yake kabisa kwamba ni wimbo wa kupanda milima, ziko kumi na tano zenye kichwa hicho, kuanzia ya 120 mpaka ya 134, na sisi tumezifanya kama mali yetu. Siku zote tulikuwa tunaisoma kwa furaha, macho juu, milima mizuri, haleluya. Siku ile ilisomeka tofauti. Mtu anainua macho anaiangalia milima halafu anauliza, msaada wangu utatoka wapi? Ni swali la mtu mwenye hofu. Na jibu lake halisemi msaada unatoka mlimani, linasema unatoka kwa aliyeumba mbingu na nchi. Dada mmoja ana ndugu kule Katesh, alikuwa hajampata kwenye simu tangu Jumapili, yeye ndo aliyesoma, akafika pale pa kutousogeza mguu wako akanyamaza, tukangoja. Hakuna aliyemalizia kwa niaba yake. Alimalizia mwenyewe, ilichukua muda. Ndugu alipatikana mzima, Mungu ni mwema, ila wapo ambao simu zao hazikupokelewa tena na leo ni Krismasi nyingine bila watu wao. Tuwataje mezani kabla ya kula.

Basi wapendwa. Kwa mwaka huu namshukuru Mungu kwa magoti yaliyopanda na yaliyoshuka (kushuka ndo kubaya, mnaojua mnajua), kwa akina mama wa njiani waliotuuzia ndizi na stroberi kwa bei ya huruma, kwa wenyeji waliotuongoza na kutufundisha kwamba ukungu ukishuka unakaa chini, hubahatishi njia. Nawaombea mliofiwa. Nawaombea mliopanda mahindi Desemba hii, mvua inyeshe na ijue pa kuishia. Walioolewa na kuoa baada ya kukutana mlimani, wapo, sitaji, nyie tuleteeni watoto tuwabebe.

Sasa ya Januari. Mapinduzi tunapanda kama kawaida, Morningside kwa wageni na wazee, wenye pumzi wataendelea. Watu wa Dar mje jioni ya tarehe 11 na treni, tiketi kateni mapema mno maana kipindi cha sikukuu SGR inajaa mkiwa mnaangalia, na mkishuka stesheni iko nje kidogo ya mji, chukueni bodaboda mbili mbili msichelewe chakula. Wenyeji wa kulaza watu wapo, atakayekosa mahali aniambie. Kibali cha hifadhi kinalipwa kwa kontroo namba, ntawatumia, tusigombane getini. Mtu wa nyuma safari hii ni mimi, kwa hiyo msiwe na haraka. Njooni na maji lita mbili, kofia, kitu cha kula cha kugawana, na mwenye gitaa abadilishe ule uzi uliokatika Uhuru. Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, wazazi wasalimieni sana.